Sura ya Mtoto Si Mali ya Jukwaa

Kuna desturi iliyoota mizizi miongoni mwa wasanii wetu, nayo twaona haifai kupita bila kusemwa. Msanii akijaliwa mtoto, kabla majirani hawajafika kutoa hongera, picha ya kichanga imekwisha kutazamwa na maelfu ya watu wasiomjua.

Mfano mashuhuri ni wa mwaka 2015. Mwezi wa Agosti mwaka huo mwimbaji Diamond Platnumz alipata binti, na mtoto huyo akafunguliwa ukurasa wa Instagram kwa jina lake angali mchanga. Wafuasi wakajaa, na watu wazima wakashinda wakibishana mtoto kafanana na nani. Jina lake hatulitaji hapa, maana yeye hakuomba umaarufu. Tangu hapo wengi wamefuata njia hiyo, na sisi wafanyakazi wa kawaida twawaiga.

Twaandika haya tukiikumbuka Makumira, chini ya Mlima Meru, ambako Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hufundisha shahada ya muziki. Vijana watokao hapo ndio waimbaji wa kesho na walimu wa waimbaji. Yafaa wajifunze, pamoja na sauti na ngoma, mpaka uliopo kati ya jukwaa na nyumba.

Hatusemi mzazi asifurahie mtoto wake. Wazee wetu walikwenda studio, wakapigwa picha na watoto wao, wakazitundika sebuleni. Lakini aliyeitazama picha ile alikuwa amekwisha kupiga hodi na kukaribishwa. Picha ya mtandaoni haina hodi. Huchukuliwa na asiyejulikana, hunakiliwa, hutiwa maneno ya matusi, wala mzazi hawezi kuirudisha yote hata akiifuta. Mtoto akikua ataikuta ikimngoja.

Wapo wasemao: "Mtoto ni wangu, picha ni yangu." Twawajibu kwamba mtoto ni wako kwa malezi, si kwa biashara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaweka mbele maslahi ya mtoto, na yampa mtoto awezaye kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, wailinda faragha yake. Huko Ufaransa, sheria ya mwaka 2024 imewakumbusha wazazi kwamba wao ni walinzi wa haki ya mtoto juu ya picha yake, na kwamba mtoto ashirikishwe kwa kadiri ya umri na upeo wake.

Tena liko jambo la fedha. Mtoto akivalishwa nguo na kupigwa picha ili kampuni ilipe, hiyo ni kazi. Kila mfanyakazi ajua kwamba mwenye kufanya kazi hustahili ujira wake, na asiyeridhika aweza kukataa. Mtoto wa miaka 2 hawezi kukubali wala kugoma. Kwa sababu hiyo Ufaransa ilitunga sheria nyingine mwaka 2020, ikitaka fungu la mapato ya watoto wanaotangaza mitandaoni liwekwe akiba mpaka wakue. Hapo pana haki ambayo nasi twaweza kuiga.

Basi twawaomba wasanii wetu mambo manne. Kwanza, wasioneshe mtoto akiwa uchi, mgonjwa au akilia. Pili, wasitangaze shule yake wala sare zake, maana mwenye nia mbaya hutafuta njia hiyo hiyo. Tatu, mtoto awezaye kusema aulizwe, na akikataa, neno lake liheshimiwe. Nne, shilingi iliyopatikana kwa sura yake iwe yake, iwekwe benki kwa jina lake.

Msanii hupendwa kwa kazi yake. Sauti yake, tungo zake na jasho lake vyatosha kuwapa watu furaha, na hivyo ni vyake, aweza kuvitoa apendavyo. Sura ya mwanawe ni amana. Amana hutunzwa mpaka mwenyewe afike kuidai, na siku hiyo ikabidhiwe ikiwa salama.