KUNYAMAZA SI KUTULIA

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nakubaliana nao mia kwa mia, maana mshindo huo nimeusikia ndani ya kichwa changu mwenyewe.

Ndugu msomaji, tangu chekechea tumeambiwa "Kimya!" Kila mwalimu, mzazi na kiranja ana neno hilo mdomoni. Na kweli twanyamaza. Lakini je, nani ametufunza kutulia? Kunyamaza ni kazi ya mdomo. Kutulia ni kazi ya moyo.

Mwaka jana babangu alilazwa hospitalini siku chache kabla ya mitihani ya muhula wa pili. Chumba cha mtihani kilikuwa kimya jii, lakini kichwani mwangu mlikuwa na kelele kushinda stendi ya matatu Likoni. Karatasi ya Hisabati niliirudisha karibu nyeupe.

Jioni hiyo sikutaka kwenda nyumbani. Nikaenda zangu Mama Ngina, nikaketi chini ya mbuyu mkongwe, nikitazama meli ikiingia Kilindini. Si mahali pa kimya pale. Tangu pakarabatiwe mwaka 2019, watu hujaa jioni, watoto wakikimbizana na wauza mihogo wakiita wateja. Nilikuwa na mabuyu ya shilingi kumi na chupa tupu ya maji. Kila nikimaliza kumung'unya, kokwa naitia chupani. Zilipokuwa nyingi nikaanza kuinamisha chupa polepole. Chwaaa, zikashuka. Chwaaa, zikarudi, kama wimbi likivuta changarawe. Nikajikuta navuta pumzi chupa ikienda, naitoa ikirudi. Kifua kikafunguka, na ndipo nikalia kwa mara ya kwanza tangu baba augue.

Nyumbani niliziosha kokwa, nikazianika juani. Chupa hiyo imo begini mwangu hadi leo.

Rafiki zangu hunicheka, ati, "Huo ni uganga, bwana!" Uganga gani? Mtoto mchanga akilia, mamake hamwambii "Kimya!" Humpakata, akampigapiga mgongoni na kumwimbia. Ndugu zetu Wamijikenda hutia mbegu ndani ya matete wakapata kayamba. Sauti hizi ni zetu tangu kale. Tumezikimbia tu tulipoota ndevu.

Wengine husema simu nayo ina sauti za mawimbi. Kweli, lakini simu ikikupa wimbi moja, hukuletea na ujumbe kumi.

Sisemi kokwa za mabuyu ni dawa. Baba alitibiwa na madaktari, na bado hajapata nguvu za kurudi kazini. Wala hazikunifunza Hisabati, hiyo niliikeshea. Lakini ukitoa pumzi polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua kasi, na moyo ukitua, ulichosoma hukumbukika.

Kwa hivyo naomba hivi: kabla ya kila mtihani tupewe dakika tatu. Mmoja wetu ainamishe chupa polepole, sote tusikilize hadi kokwa ya mwisho itue. Chama chetu cha Kiswahili kizitengeneze chupa hizo. Mabuyu tutakula wenyewe, kazi hiyo haitatushinda!

Walimu wetu wapendwa, mkisema "Kimya!" tutanyamaza kama kawaida. Lakini siku moja jaribuni kutuambia "Sikilizeni." Tofauti mtaiona wenyewe.