Mbunge aliyeuliza kuhusu Buzwagi, na kwa nini swali lake bado linatuhusu Nzega

Msikilizaji, kila tunapozungumzia madini katika vipindi vyetu, swali moja hurudi: mbunge mmoja wa upinzani akisimama bungeni na kuibana serikali, inasaidia nini? Wengi huuliza kwa kukata tamaa. Wanaona kelele, wanaona mtu anafukuzwa ukumbini, kisha maisha yanaendelea vilevile.

Tumeona ni vyema tulijibu kwa maandishi, na kwa mfano wa jirani. Ukitoka Nzega ukapita Tinde na Isaka, kwa barabara ileile ya malori ya Rwanda na Kongo, unafika Kahama. Hapo ndipo ulipokuwa mgodi wa Buzwagi, na jina hilo mwaka 2007 lilitikisa Bunge zima. Baadhi yetu hapa kituoni tulikuwa bado shuleni, lakini jina tulilisikia redioni kila jioni.

Mkataba wa Buzwagi kati ya serikali na kampuni ya Barrick ulitiwa saini London, Uingereza, Februari 2007. Aliyeusaini kwa niaba ya Tanzania alikuwa Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi. Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, hakuwa ametimiza hata miaka 31. Aliuliza mambo ambayo mtu yeyote wa kijijini angeuliza kama shamba la ukoo lingeuzwa. Kwa nini mkataba wa mali ya Watanzania usainiwe ng'ambo? Na kwa nini usainiwe haraka hivyo, wakati Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameagiza mikataba ya madini ipitiwe upya?

Alitaka Bunge liunde kamati teule ichunguze. Waziri alitetea mkataba wake, na wabunge wa chama tawala, waliokuwa wengi, wakaikataa hoja. Mambo hayakuishia hapo. Zitto mwenyewe aligeuziwa kibao, akatuhumiwa kusema uongo dhidi ya waziri, na Agosti 14, 2007 Bunge likamsimamisha hadi Januari 2008. Kwenye kiti cha Spika alikuwa Samuel Sitta, mbunge wa Urambo Mashariki, mtu wa mkoa wetu huu wa Tabora. Tunalitaja kwa sababu ni historia yetu pia, na kwa sababu Bunge la Sitta huyohuyo ndilo lililoibua sakata la Richmond miezi michache baadaye.

Adhabu ile ilizaa jambo ambalo waliopiga kura huenda hawakulitegemea. Mbunge aliyezuiwa kusema Dodoma akaenda kusema mikutanoni, na watu wakajaa. Neno "mkataba", ambalo lilikuwa la wanasheria, likawa la vijiweni. Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, Mwanasheria Mkuu wa zamani. Zitto aliyekuwa akitumikia adhabu aliteuliwa kuwa mjumbe, pamoja na watu kama John Cheyo wa UDP na Harrison Mwakyembe wa CCM. Wapo waliomlaumu kwa kukubali, wakisema amemezwa. Sisi tunaona alifanya sawa: huwezi kudai vitabu vifunguliwe, kisha vikifunguliwa ukatae kuvisoma.

Karamagi alijiuzulu Februari 2008. Hapa tuwe waangalifu, maana tunasikia watu wakichanganya. Hakuondoka kwa sababu ya Buzwagi. Aliondoka kwa Richmond, siku za kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye uzito. Wakati wa mzozo ule, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, tena baada ya kampuni kuondoa baadhi ya gharama zake. Kwa lugha ya sokoni: dhahabu ya shilingi 100, nchi inapata chini kidogo ya shilingi 3. Kamati ya Bomani ilitoa ripoti yake 2008, na Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4 ya thamani yote, kabla ya kutoa gharama. Mwaka 2017, wakati wa Rais John Magufuli na sakata la makinikia, ukapanda hadi asilimia 6, ukaongezwa na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Serikali pia ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia.

Hatusemi yote hayo yameletwa na Zitto. Wanasheria na wanaharakati walikuwa wakilia na migodi tangu miaka ya 1990. Mmoja wao ni Tundu Lissu wa Singida, aliyehangaika na madai ya wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Na sheria za 2017 zilipitishwa na Bunge lenye CCM wengi, chini ya rais wa CCM. Lakini ukifuata mstari, utaona swali lililokataliwa kwa kura Agosti 2007 lilikuwa limekuwa kazi ya kamati ya Rais Novemba, na miaka 3 baadaye limo ndani ya sheria.

Sasa Nzega. Mgodi wa Golden Pride pale Lusu, uliomilikiwa na kampuni ya Resolute ya Australia, ulianza kutoa dhahabu mwaka 1998, kabla ya Buzwagi, ukafungwa 2013. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 wakati huo iliipa halmashauri ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Yaani katika kila shilingi 1,000 inayouzwa, shilingi 3 zibaki wilayani. Tatizo ni kwamba mikataba ya zamani ya migodi mikubwa iliweka kiwango maalumu badala yake: dola 200,000 kwa mwaka, basi. Piga hesabu mwenyewe. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 200 kwa mwaka, asilimia 0.3 ni dola 600,000. Halmashauri inabaki na theluthi moja, na diwani aliyekaa Nzega hajui tofauti imekwenda wapi, kwa sababu mkataba hajawahi kuuona.

Hapo ndipo swali la usiri wa mikataba linapogusa dawati la shule na zahanati. Mwaka 2012 halmashauri yetu ililipwa na Resolute zaidi ya shilingi bilioni 2 za ushuru wa huduma, baada ya mbunge wa Nzega wa wakati huo, Hamis Kigwangalla, kulishikia bango suala hilo. Kigwangalla ni wa CCM. Tunalisema hili kwa wale wanaodhani uwajibikaji ni kazi ya chama fulani. Lakini tujiulize pia: kama mambo ya mikataba yasingekuwa yameanikwa miaka 5 kabla, madai yale yangepata masikio?

Sheria imesogea. Ile ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi, ya mwaka 2015, inataka mikataba iwekwe hadharani. Marekebisho ya 2017 yanaitaka kampuni yenye leseni ya uchimbaji kupanga kila mwaka na halmashauri namna itakavyochangia huduma za jamii. Utekelezaji wa hiyo ya kwanza umekwenda polepole mno, na sisi hatuoni sababu ya maana. Kama mkataba ni mzuri, kuuonyesha kunamdhuru nani?

Kinachotutia wasiwasi sasa si sheria, ni nani atauliza. CHADEMA haikushiriki uchaguzi wa Oktoba 2025, hivyo chama alichotokea Zitto wakati wa Buzwagi hakimo kabisa kwenye kinyang'anyiro kilicholeta Bunge la sasa. Lissu, mwenyekiti wake, alishtakiwa kwa uhaini Aprili 2025. Zitto alihamia ACT-Wazalendo miaka mingi iliyopita, chama chenye viti vichache bungeni. Kwa utaratibu wa Bunge letu, kamati ya hesabu za serikali huongozwa na mbunge wa upinzani, ili anayekagua asiwe upande wa anayetumia. Upinzani ukiwa kiganja cha watu, kazi hiyo inabaki mabegani mwa wachache wanaopaswa kusoma makaratasi ya nchi nzima.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu huwasilishwa bungeni karibu na Aprili kila mwaka, na halmashauri zetu zimo ndani yake. Kwa hapa chini, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi 3 na kusomewa mapato na matumizi. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Unaruhusiwa kuingia na kukaa nyuma ukasikiliza. Ukienda, muulize diwani wako mambo mawili: leseni ngapi za uchimbaji ziko katika kata yenu, na halmashauri ilipokea ushuru kiasi gani kutoka kwao mwaka uliopita. Majibu ukiyapata, au ukinyimwa, tuambie hewani.