Spea Iliyotoka Nyumbani kwa Watu

Akina mama wapenzi, mwezi huu tulikuwa tumeahidi kuendelea na habari za kumwachisha mtoto ziwa. Tunaomba radhi, hiyo tutairudia. Leo tunataka kuzungumza juu ya magari ya zamani. Tunajua wengine mtasema, sista naye sasa amekosa la kuandika. Subirini kidogo.

Wenzetu wa Kisaki, Duthumi, Bwakila Chini na Mvuha wanaelewa tunakokwenda. Huku kusini ya milima ya Uluguru wapo wanaume ambao Land Rover ya zamani kwao ni kama ndugu wa tumbo moja. Jumamosi, badala ya kwenda kupalilia, wako chini ya gari la mwenzao, miguu tu ndiyo inayoonekana. Hawana chama, wala katiba, wala mwenyekiti. Mmoja akiharibikiwa anapiga simu, na mwenzake anakuja na spana zake na, kama anayo, na spea yake. Fedha haitajwi. Nyumbani kwetu yupo mmoja wa watu hao. Gari lake ni la mwaka 1969, lile refu ambalo madereva huliita mia na tisa, na kuna miaka limekula zaidi kuliko watoto.

Tulimwuliza kwa nini asiliuze anunue la kisasa. Akatueleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo bodi likatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana mpaka leo bodi haliliwi na kutu, ingawa chasisi iliyo chini huliwa. Halafu, tangu 1958 hadi 1985, mabadiliko yalikuwa madogo kiasi kwamba spea nyingi za gari la mwaka mmoja zinaingia kwenye la mwaka mwingine. Hapo ndipo ulipo udugu wao. Kilichomo kwenye gari bovu la jirani kinaweza kuwa ndicho kinachokosekana kwenye lako. Aina hiyo ya gari, ya umbo lile la zamani, iliacha kutengenezwa Januari 2016, lakini Oktoba 2024 wenye nayo walikusanyika Arusha kwa tamasha, wakajipanga msururu mrefu barabarani. Baba wa nyumba yetu alizitazama picha zile kwa siku tatu.

Basi, tuje kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa wakati wa masika, usiku wa saa tatu. Tulikuwa tumetoka mazoezi ya kwaya tukaitwa. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama, mtoto amelia vizuri, lakini kondo la nyuma halikutoka, na damu ilikuwa inakwenda. Mnaosoma safu hii siku zote mnajua tunavyosema: mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kutuacha katika muda wa saa mbili tu. Alikwisha kuchomwa oksitosini na kuwekewa dripu, lakini alihitaji hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mjini na mgonjwa mwingine. Likatolewa la kwetu, la mwaka 1969. Tukatandika godoro nyuma, bibi mzaa mama akampakata mtoto, dripu tukaifunga kwenye bomba la turubai.

Tulipita Bwakila Chini, tukapita Duthumi. Kabla ya kufika Mvuha tukaingia kwenye tope, gari likapiga kelele moja kama mti unaokatika, likasimama. Injini inanguruma, magurudumu ya nyuma hayataki. Ilikuwa hafushafti, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Mwenzetu akaingiza gia ya mbele ili magurudumu ya mbele yavute peke yake. Mahali pakavu ingewezekana kufika hivyo. Kwenye tope lile yalizunguka tu.

Akapanda juu ya boneti kutafuta mtandao wa simu. Tulimsikia akisema maneno machache: “Hafushafti ya nyuma. Kushoto. Nina mgonjwa.” Baadaye ndipo tulipojua kwa nini alitaja kushoto: ya kushoto na ya kulia hazilingani urefu.

Mkono wetu mmoja ulikuwa juu ya tumbo la yule mama, tunakanda, mwingine uko kwenye mshipa wake. Hatukumbuki tulisali kwa maneno gani. Kisha tukaona taa ya pikipiki. Alikuja mzee wa Mvuha, mwanawe anaendesha, na yeye nyuma amepakata kile chuma kimefungwa kwenye gunia, kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Hawakusalimiana kwa kirefu. Wakafungua bolti sita katikati ya gurudumu, bila kupiga jeki, maana kwenye magari hayo hafushafti ya nyuma hutoka kwa nje na gurudumu likabaki mahali pake. Kipande kimoja kikatoka, kingine kikabaki ndani. Wakaichomoa na ya upande wa pili, wakapitisha fimbo ya chuma, wakakisukuma hadi kikadondoka. Kazi yote, gizani na mvua, haikufika saa moja. Mama yule alifika hospitali akiwa anaongea. Leo mtoto wake anatambaa.

Hapo ndipo tungependa kuishia, na mume wetu ndipo anapoishia kila anapoisimulia habari hii kwa wageni. Lakini kuna sehemu ya pili.

Wiki tatu baadaye tulipita Mvuha kwa kazi za chanjo tukaona ni vizuri kumshukuru mke wa yule mzee. Tulibeba sukari na khanga. Akatupokea vizuri, akatupa kiti, lakini tuliona uso haukufunguka. Mbele ya nyumba lilisimama gari lao, Land Rover vilevile, gurudumu moja la nyuma halina kitu katikati, limezibwa kwa kitambaa. Tukauliza kwa ujinga wetu, limeharibika? Akatuambia, “Halijaharibika, sista. Limetolewa hafushafti likawapa ninyi.”

Hakuwa na ya akiba. Usiku ule alikuwa ameichomoa kwenye gari zima, gari ambalo mkewe hupakia mahindi na ndizi kwenda gulioni. Wiki tatu hakwenda. Ndizi alizokuwa amenunua kwa mtaji wa kikundi zilimwivia ndani. Na kikundi kinataka rejesho lake siku ileile, kiwe na mvua kisiwe na mvua. “Sikatai kumsaidia mgonjwa,” alisema. “Angeniamsha tu aniambie. Na mwenzako angeleta nyingine.”

Tulinyamaza, maana mwenzetu alikuwa ametuambia, alipoulizwa, kwamba yule bwana hana haraka. Na labda ni kweli bwana hakuwa na haraka.

Tukiwa pale, jicho la kiuguzi halikukaa kimya. Watoto wawili walikuwa wanachezea chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Akina mama, jeki huteleza. Gari likiinuliwa, liwekewe magogo au mawe imara chini ya ekseli, na gurudumu likingwe lisitembee, ndipo mtu aingie chini. Na dirishani, pembeni ya vikombe, ilikuwapo chupa ya soda yenye maji mekundu. Ilikuwa mafuta ya breki. Petroli, maji ya betri na mafuta ya breki visiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, au baba akiyameza wakati wa kuyavuta kwa mpira, msimtapishe wala msimpe maziwa. Yanapopanda tena ndipo huingia mapafuni, na mapafu hayo huungua. Apelekwe kituoni upesi. Tumewahi kumpokea mtu mzima aliyenyonya petroli asubuhi, jioni akawa anahema kama aliyepanda mlima.

Jingine ni vumbi la breki. Breki shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huumiza mapafu taratibu kwa miaka. Lisipulizwe kwa mdomo, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Na nguo za gereji zifuliwe peke yake.

Tuliporudi Kisaki tulizungumza nyumbani. Hatukugombana, ingawa chai ilipoa. Tulimwambia baba kwamba sifa ya usiku ule aliibeba yeye na mzee wa Mvuha, na deni akalibeba mwanamke ambaye hata hakuamshwa. Alisema hakulifikiria hivyo. Tunaamini ni kweli. Wanaume hawa wanajuana kwa magari, mara nyingi hawajuani kwa jikoni.

Mwezi uliopita tulipita Mvuha tena. Gari linatembea, mzee alipata hafushafti kutoka kwenye gari lililolala Matombo, naye akalipia kwa kulitengeneza gari la shemeji wa mwenye gari, ndivyo mambo yao yanavyokwenda. Mkewe sasa ana daftari. Limetundikwa kwa kamba kwenye mlango wa jiko, na hakuna spea inayotoka nyumbani humo, mchana wala usiku, kabla hajaiandika: nini, kwa nani, lini. Alitufungulia atuonyeshe. Kabureta moja, Duthumi, imerudi. Pampu ya maji, Kiroka, bado. Feni belti mbili, zimerudi na mbuzi mmoja.

Jina la baba wa nyumba yetu lilikuwa mstari wa kwanza kabisa, na lilikuwa halijakatwa.