Mashine za Simu Zifunzwe Kuwasikia Watu wa Mlola

"Kwa Kiswahili, bonyeza 1." Sauti hiyo inajulikana kwa kila aliyewahi kupigia huduma kwa wateja. Mkulima wa Mlola, milimani Lushoto, mwenye simu ya kitochi, anayetaka kujua dawa ya ukungu wa viazi, naye huzungushwa vivyo hivyo, menyu hadi menyu. Hata *152*00#, mlango wa huduma za Serikali kwa simu, unamtaka asome na kuchagua namba. Ingekuwa rahisi zaidi apige, aulize kwa mdomo wake, seva itambue maneno na kumjibu.

Vifaa si kikwazo tena. Zamani seva ya kutambua usemi iliunganishwa na mtandao wa simu kwa kadi maalumu iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Laini moja ya kidijitali ya aina ya E1 inayoingia kwenye kadi hiyo hubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja. Mwaka 1999 Mark Spencer, Mmarekani, alianzisha Asterisk, programu huria iliyoiwezesha kompyuta ya kawaida kufanya kazi ya mtambo wa simu wa bei kali. Siku hizi hata kadi si lazima, kwa kuwa simu zinaweza kuingia kwenye seva kupitia intaneti.

Shida iko kwenye sauti.

Laini ya kawaida ya simu hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu. Sehemu kubwa ya mvumo wa "s", "f" na "th" iko juu ya hapo, hivyo "thamani" na "samani" hukaribia kufanana. Programu iliyofunzwa kwa rekodi safi za kompyuta hubabaika. Na lafudhi je? Mkusanyo mmoja mkubwa wa Kiswahili cha simu, wa takriban saa 200, uliotayarishwa kwa mradi wa Babel wa Marekani na kutolewa mwaka 2017, ni wa wazungumzaji wa eneo la Nairobi. Msambaa wa milimani hasemi kama wao.

Uganda imeonyesha kwamba lugha ndogo si kisingizio. Pulse Lab Kampala ya Umoja wa Mataifa ilitengeneza, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, mfumo wa kusikiliza redio za vijijini kwa Kiganda na Kiacholi.

Wizara ya Kilimo, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na kampuni za simu zianze na namba moja ya bure kwa wakulima wa Lushoto. Sauti zirekodiwe kwenye laini hizohizo za milimani, kwa Kiswahili na Kisambaa, kwa ridhaa ya wapigaji kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka. Mashine ikishindwa kuelewa mara mbili, simu ihamishiwe kwa bwana shamba, na swali lililoishinda litumike kuifunza.