Tusiwapunje katika kipimo waliokosea

 

Ndugu Waislamu, katika mitaa yetu wapo vijana waliotiwa hatiani na mahakama, lakini badala ya kupelekwa jela wakawekwa chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, au wakaamriwa kufanya kazi za jamii kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Kijana huyo hurejea kwa wazazi wake, na hapo maneno huanza: "Hao wote hurudia." Kwa neno hilo moja fundi hukataa kumfundisha kazi, na mjomba hufunga mlango wake.

Nauliza: nani aliyepima, na kwa pishi gani?

Huko Marekani, idara ya takwimu za haki iliwafuatilia wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Hao walitoka jela, hawakuwa wa uangalizi, lakini funzo la kipimo ni lile lile. Ndani ya miaka mitano asilimia 76.6 walikamatwa tena. Waliotiwa hatiani tena ni asilimia 55.4. Watu ni hao hao na muda ni huo huo. Anayetaka kututisha atashika tarakimu ya kwanza, ilhali kukamatwa si kuthibitika. Uingereza huhesabu kosa lililotendwa ndani ya mwaka mmoja, kisha huongeza miezi sita ili mahakama ipate kulithibitisha. Subira hiyo haiko mbali na sharia yetu inayodai ushahidi.

Yupo pia anayekosa kuripoti kwa afisa siku aliyopangiwa. Amevunja sharti, naye aweza kuadhibiwa, lakini hakuiba. Kumhesabu pamoja na aliyevunja duka ni dhuluma.

Wanaosifu adhabu hizi nao wapime sawasawa. Mahakama haimweki kila mtu chini ya uangalizi; hutazama umri wake, mwenendo wake na uzito wa kosa. Ukiwalinganisha waliochaguliwa hivyo na waliotoka jela, umelinganisha wasiolingana. Aliyeibiwa ana haki ya kuelezwa ukweli huo.

Suratul Mutaffifin imewaonya wanaotaka kipimo kamili wakipokea, na kupunguza wakiwapimia wengine. Sisi makosa ya kijana tunayahesabu yote, hata ya utotoni. Miezi aliyotulia hatuihesabu. Aliyerudia tunamwona na pingu. Aliyetulia hana wa kumtaja.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Umar bin Al-Khattab (R.A.), kuwa mtu mmoja aliyekwisha kuadhibiwa kwa ulevi aliletwa tena. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (S.A.W.) akakataza, akashuhudia kwamba mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu aliipata. Kilichokatazwa ni kuifanya idadi ya makosa yake kuwa ndiyo yeye mzima.

Basi kamati za misikiti zimwalike afisa wa probesheni wa wilaya, zimwulize: wangapi waliwekwa chini ya uangalizi na kwa makosa gani, wangapi walitiwa hatiani tena na ndani ya muda gani, wangapi walikosa kuripoti tu. Majina asiyataje, kwani sitara ya mtu ni amana. Na kama hesabu hiyo haijaandikwa, tumwombe aianze, nasi tumtafutie kijana fundi wa kumpokea bila kuingoja.