Gari la rimoti la kale: thamani iko kwenye kalibu

Leo naweka kando hifadhidata na PHP niongee kuhusu vidude. Waandishi wengi wa programu wana ugonjwa wao wa pembeni: huyu anakusanya tarakilishi za Commodore, yule kamera za filamu. Kuna kundi jingine ambalo huku kwetu halisikiki sana, nalo ni la wapenzi wa magari ya rimoti ya miaka ya sabini na themanini. Sisemi yale ya supamaketi yanayokwenda mbele na kugeuka upande mmoja. Nasema yale yaliyouzwa vipande vipande ndani ya boksi, mnunuzi akakaa chini na bisibisi akayaunganisha mwenyewe, yenye gia, shokomzoba na mota ya maana. Tamiya wa Shizuoka, Japani, walitoa la kwanza lao, Porsche 934, mwaka wa 1976. Kyosho, wa Japani pia, na Team Associated wa Marekani ni majina mengine utakayokutana nayo haraka.

Ukizunguka kwenye eBay utasoma maneno yaleyale kila siku: "adimu sana", "uwekezaji", "hayatengenezwi tena". Hapo ndipo nina ugomvi na wauzaji. Uadimu wa gari la rimoti hauko mikononi mwa mwenye gari. Uko mikononi mwa mwenye kalibu, yaani kile chuma kinachomiminiwa plastiki ya moto ili itoke umbo la gari. Ni sawa na kumiliki CD ya programu ambayo kampuni iliacha kuiuza. Unaweza kujiona mfalme kwa miaka kumi, kisha asubuhi moja wenye msimbo wake wakaamua kuitoa upya.

Na wameshafanya hivyo, tena mara nyingi. Chukua Hornet. Tamiya waliitoa mwaka wa 1984, ikauzika vibaya sana (vizuri sana, nyinyi mnaelewa), ikaondoka sokoni, halafu mwaka wa 2004 ikarudi. Frog ya 1983 na Grasshopper ya 1984 zikarudi mwaka wa 2005. Hotshot ya 1985 ikarudi 2007. Sand Scorcher, ile yenye bodi ya Volkswagen Beetle (aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1954 na tena 1962), ilitoka 1979 ikarudi 2010. Avante ya 1988, iliyokuwa ya bei kali tangu siku ya kwanza, ikarudi 2011. Team Associated nao wakaitoa tena RC10 mwaka wa 2013. Hii ndiyo gari iliyotoka 1984 na mwaka uliofuata ikachukua ubingwa wa dunia wa magari ya kusukumwa na magurudumu mawili.

Sasa jiweke mahali pa mtu aliyenunua Sand Scorcher iliyotumika mwaka wa 2009 kwa bei ya "hazitengenezwi tena". Mwaka mmoja baadaye jirani yake anaingia dukani anatoka na mpya, yenye matairi laini na stika zisizokauka.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutoa pesa ni hili: unataka kuendesha, au unataka kuuza? Gari moja lina bei mbili tofauti, na anayezichanganya analipa zote mbili.

Kwa anayetaka kuuza baadaye, kitu pekee cha kulipia ghali ni kile ambacho kalibu haiwezi kurudisha. Hornet mpya inaweza kutengenezwa tena kesho. Haiwezi kutengenezwa tena Hornet ya 1984 ambayo haijawahi kuunganishwa, mifuko yake ya plastiki haijachanwa, boksi halijafifia, kitabu cha maelekezo na karatasi za stika bado zimo. Hiyo ndiyo inayoshikilia bei hata baada ya toleo jipya kuja. Gari la zamani lililokwisha kuunganishwa, likakimbizwa, likabadilishwa bodi na matairi, linashindana uso kwa uso na toleo jipya, na mara nyingi linashindwa.

Ujanja wa sokoni uko hapohapo. Vipande vingi vya toleo jipya vinaingia kwenye gari la zamani bila shida, kwa hiyo mtu anaweza kuokota chesisi iliyochoka ya 1984, akaivalisha bodi, magurudumu na stika za 2004, kisha akaandika "asilia, hali nzuri mno". Dawa yake ni kuuliza namba. Tamiya huweka namba ya bidhaa kwenye boksi: Hornet ya kwanza ni 58045, ya marudio ni 58336. Sand Scorcher ya kwanza ni 58016, ya marudio ni 58452. Kwa Frog kuna dalili hata boksi likiwa limepotea, kwa sababu ya zamani (58041) ilikuwa na shafti za nyuma zenye ncha za pembe sita ambazo zilikula tundu la gia hadi zikaanza kuzunguka bure, na toleo la 2005 (58354) likaja na shafti za muundo mwingine zinazodumu zaidi. Omba picha ya hapo. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya chini ya gari amekwisha kukujibu.

Kwenye RC10 angalia tumbo. Chesisi yake ya alumini ilitiwa rangi ya dhahabu, na hiyo rangi ndiyo inayowapa watu wazimu. Gari lililokimbizwa limekwaruzwa chini hadi alumini nyeupe inaonekana, na hakuna namna rahisi ya kuirudisha.

Kuhusu bei yenyewe, puuza kabisa bei anayoitaka muuzaji. Mtu yeyote anaweza kuandika dola elfu moja. Kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Washa hicho, tafuta gari la hali kama hiyo, uone watu walitoa ngapi kweli. Halafu jumlisha usafirishaji. Ukiagiza Kenya, ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, ambayo haipigwi kwenye bei ya gari tu bali pia kwenye nauli, bima na ushuru wenyewe. Nimeona hesabu inayoanza vizuri ikafika Nairobi imevimba kama andazi.

Kuna hesabu nyingine ambayo mtu aliyezoea Grogan ataielewa bila kufundishwa. Gari bovu likivunjwa, vipande vyake vikiuzwa kimoja kimoja vinaweza kuleta pesa nyingi kuliko gari zima. Ndiyo sababu ukinunua boksi la vyuma na plastiki visivyo na mpangilio, usitupe hata skrubu. Kisanduku cha gia kizima, au bampa ya mbele isiyovunjika, kuna mtu mahali fulani anakitafuta.

Haya, na anayetaka kuendesha? Huyu ndiye ninayemwonea wivu, kwa sababu matoleo mapya yamemfanyia kazi nzuri. Wapo mashabiki wanaoyadharau wakisema ni feki. Mimi nasema bila kalibu kurudi kazini, magari mengi ya 1984 yangekuwa mapambo, kwani gia ya nailoni ikimeguka hakuna fundi wa jua kali atakayekuchongea nyingine kwa urahisi. Siku hizi unaagiza tu.

Ila usiliwashe gari la kale kama ulivyolipokea. Ndani utakuta kidhibiti kasi cha kimakenika: sevo inasukuma mkono wa shaba juu ya vibao, na umeme usiohitajika unateketezwa kwenye rezista kuwa joto. Ukienda polepole ndipo rezista inapochemka zaidi, na ikigusa plastiki inaiyeyusha. Mfumo huo ulibuniwa kwa betri ya nikeli na kadimiamu, seli sita, volti 7.2. Leo vijana wanachomeka betri ya lithiamu ya seli mbili, ambayo ikijaa ina volti 8.4. Zile volti za ziada si balaa kubwa. Balaa ni kwamba kidhibiti cha kale hakijui kukata umeme betri inapoishiwa. Lithiamu ikishushwa chini ya volti 3 kwa seli inaharibika, na ukiichaji katika hali hiyo inaweza kushika moto. Weka kidhibiti cha kielektroniki chenye kinga ya lithiamu, au baki na betri ya nikeli. Kile cha kale kifunge kwenye mfuko, ukiweke pamoja na boksi, maana siku ya kuuza kitaulizwa.

Vivyo hivyo rimoti. Nyingi za zamani zilitumia megahezi 27 na kristali mbili, moja kwenye rimoti na moja kwenye kipokezi, na zisipolingana hakuna mawasiliano. Rimoti ya gigahezi 2.4 inaondoa maumivu hayo yote kwa nusu saa ya kazi.

Bodi za plastiki ngumu nyeupe hugeuka rangi ya chai. Mashabiki wa tarakilishi za kale waligundua mwaka wa 2008 kwamba haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga mkali wa jua hurudisha weupe, na wenye magari ya rimoti wameiba ujuzi huo. Jaribu kwanza kwenye kipande kisichoonekana. Bodi za polikaboneti, zile nyembamba kama za Hornet, hazina tiba: zikikauka hupasuka, na ni heri ununue mpya, ile ya zamani uitundike ukutani.

Ningekuwa na pesa za gari moja tu, ningechukua Hornet ya 1984 iliyochakaa kwa bei ya vipande, nikaitia gia na matairi ya toleo jipya, nikaipeleka kwenye vumbi. Na wakati wa kuagiza ningemwambia muuzaji aondoe betri kabla ya kufunga mzigo. Betri za lithiamu zina masharti magumu ya ndege, na betri ya nikeli iliyolala miaka thelathini na kitu haina kazi yoyote ila kuvuja.