Wacheni kununua seva kubwa, wekeni indeksi

Wasee, hii nitaisema na mkasirike. Sistimu ikianza kukwama, jibu lenu la kwanza ni "seva ni ndogo". Seva haina makosa. Ni nyinyi hamkuweka indeksi.

Cheki daftari la madeni la duka la mtaani. Wateja wakiwa 30, mwenye duka anapekua kurasa zote na kupata deni lako kabla hujamaliza soda. Wakifika milioni 1, manze, utalala hapo dukani. Databesi bila indeksi hufanya hivyo hivyo: inasoma mstari baada ya mstari. Data ikiongezeka mara 10, kazi nayo inaongezeka mara 10.

Indeksi ni orodha iliyopangwa. Unaangalia katikati, unatupa nusu isiyohusika, unarudia. Kwa mistari milioni 1 unafika kwa hatua kama 20. Ikiwa milioni 2? Hatua 21. Moja tu! Na mti wa B, ule PostgreSQL na MySQL hutumia, hugawanya kwa mamia badala ya nusu, kwa hivyo hatua ni chache hata zaidi. Rudolf Bayer na Edward McCreight waliuandika 1970. Si siri ya mtu.

Kuna biashara niliitwa kusaidia. Kutafuta mteja kwa namba ya simu kulikuwa kunachukua sekunde 10 na kitu, na bosi alikuwa amelipia seva kubwa zaidi mara mbili. Kuangalia ndani: namba zingine zinaanza na 07, zingine 254, zingine +254. Ili azipate zote, aliyejenga akaandika LIKE '%712...'. Hiyo alama ya mbele inaua indeksi ya kawaida. Ni kama kutafuta neno kwenye kamusi ukijua mwisho wake tu. Tukageuza namba zote zianze na 254, tukatoa hiyo alama, tukaandika CREATE INDEX, mstari mmoja. Majibu yakaanza kuja papo hapo.

Chuo (niliacha, mnajua hiyo story) tulifundishwa na jedwali la wanafunzi 10. Kwa watu 10 kila kitu ni fasta, hata ujinga.

Na msikimbie kuweka indeksi kila mahali pia, kwa sababu kila ukiingiza data mpya, hizo indeksi zote lazima zibadilishwe. Andika EXPLAIN kwanza uone databesi inapita wapi.

Yule bosi bado analipia ile seva kubwa. Alikuwa amesaini mwaka mzima.